Friji la Vioo

Nilipostaafu ualimu mwaka 2003, wenzangu niliostaafu nao walijua wanachokitaka. Mmoja alimalizia nyumba. Mwingine alinunua daladala, likamla mpaka akabaki na matairi. Mimi nilichukua sehemu ya kiinua mgongo changu nikanunua friji la vioo la milango miwili, refu kunipita, lililokwisha kutumika Ulaya kabla ya kuvuka bahari. Muuzaji alilichomeka kwenye umeme mbele yangu, taa zikawaka ndani, nikasikia mngurumo wake wa chini kwa chini, nikalipa.

Nililiweka katika chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu baba, Ngamiani, hapa Tanga. Chumba kile kinatazama barabara, na barabara iko upande wa machweo. Hilo la machweo sikulipa uzito wowote wakati ule. Nilitaka watu wapitao waone vitu vyangu, basi.

Kwa miaka 30 nilikuwa nimewafundisha watoto kwamba neno la Kiswahili ni jokofu, na niliwakata alama walioandika vinginevyo. Katika miaka yangu yote ya dukani hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniomba kitu kutoka kwenye jokofu. Nami nikazoea kusema friji, na nitasema hivyo hapa.

Tanga ni mji wa maziwa. Wafugaji wadogo wa Muheza, Korogwe na Pangani hukamua ng'ombe wao wawili watatu, maziwa yakakusanywa, yakachemshwa kiwandani na kutiwa kwenye pakiti. Mteja wa kwanza alfajiri alitaka maziwa, wa mwisho usiku alitaka mtindi. Soda na maji vilijaza nafasi iliyobaki. Jioni duka lilipokuwa giza na friji likawaka peke yake, watoto wa mtaani walikuja kusimama mbele yake kama wanaotazama sinema. Nilijiona mtu mwenye kitu.

Kulitunza nilikotunza mimi kulikuwa hivi: kila asubuhi nilifuta vioo kwa maji yenye siki kidogo na gazeti kuukuu mpaka viking'aa. Nilikuwa hodari wa vioo. Kilichokuwa nyuma ya vioo na chini ya vioo sikukijua wala sikukiuliza.

Mwaka 2005 mdogo wangu wa kike aliye Lushoto alinitumia mwanawe, mpwa wangu, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne bila kufaulu. Alifika na begi moja na gunia la viazi. Mpwa kwa mjomba si mgeni. Hakuna aliyezungumzia mshahara, wala mimi sikutaka uzungumzwe. Alilala stoo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kwa mwalimu, kijana wa maneno machache ni wa kutiliwa shaka. Tumezoea kudhani kwamba asiyejibu hajui.

Wiki ile ile ya kwanza friji lilikuwa halipoi vizuri, nikamwita fundi, mzee mmoja wa Chumbageni mwenye baiskeli na sanduku la mbao. Nilimwambia ajaze gesi. Hakujaza. Alipiga goti, akafungua kile kichuja cha bati kilicho chini mbele, akamwita mpwa wangu aje aone. Mimi nilikuwa na wateja. Nilisikia tu maneno yake, nayo nimeyashika mpaka leo kuliko mengi niliyosomea chuoni. Alimwambia kijana: "Mwanangu, friji haliumbi baridi. Linahamisha joto. Linalitoa humu ndani na kulitupa huku nje. Sasa ukiziba pale linapotupia, litaenda wapi?"

Pale linapotupia ndipo paitwapo kondensa, ingawa wako mafundi waiitao rejeta kwa kuwa inafanana na ile ya gari: mabomba membamba yaliyopita katikati ya mapezi ya bati yaliyosongamana. Feni huvuta hewa ya chumbani na kuipitisha humo ili ichukue joto. Lakini feni haichagui. Huvuta pia vumbi la barabara, nyuzi za kanga, manyoya ya kuku, unga wa ngano wa jirani. Katika duka lililo kando ya barabara ya vumbi, miezi miwili inatosha mapezi yale yakavaa blanketi. Hapo kompresa inasukuma bila kupumzika, inachemka, inakula umeme, na ndani maziwa yanapata uvuguvugu. Mwenye duka anaona friji linanguruma mchana kutwa, anasema linafanya kazi kweli kweli.

Tangu siku hiyo mpwa wangu alijitwalia kazi ile bila kuagizwa. Jumapili usiku, baada ya mteja wa mwisho, alichomoa waya ukutani. Hilo lilikuwa la kwanza daima, na aliuviringisha waya akaupachika juu ya mlango ili mtu asije akauchomeka kwa bahati mbaya mikono yake ikiwa karibu na feni. Alihamishia maziwa kwenye maboksi yenye barafu aliyoigandisha tangu Jumamosi. Alipiga mapezi kwa mswaki mkavu wa kufulia, kutoka juu kwenda chini, kufuata mapezi yalivyolala, kwa sababu ukiyapiga kukingama yanapinda na kufunga njia. Mwezi mara moja aliazima pampu ya baiskeli kupulizia kule mswaki usikofika. Vumbi lile alilikusanya kwenye gazeti. Siku moja alinionyesha. Lilikuwa kama pamba ya godoro.

Kisha alitoa vitasa vya waya, yaani zile shelfu, akaviosha uani kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akavianika. Ndani alipangusa kwa kitambaa laini; hakutaka steeluu wala dawa yenye harufu, kwa kuwa maziwa hunywa harufu haraka. Ukutani palipoganda barafu hakugusa kwa kisu. Aliacha milango wazi iyeyuke yenyewe. Nilimwona mara moja akimkatalia mtoto wangu aliyekuja na bisibisi: "Nyuma ya hili bati kuna bomba, kaka. Ukilitoboa, friji limekufa." Alikagua tundu dogo la sakafuni ambamo maji yapitia kwenda kwenye sinia lililo juu ya kompresa, huko yakakauka kwa joto lake. Tundu lile likizibwa na kipande cha lebo, maji hubaki ndani na kuvunda, na ndiyo harufu ambayo watu hulaumu maziwa kwa ajili yake.

Mwisho alikuja kwenye raba za milango. Raba ina mikunjo, na mikunjo huhifadhi matone ya maziwa, na matone huota ukungu mweusi. Alipitisha kitambaa chenye sabuni kilichofungwa kwenye ncha ya kijiko, mkunjo kwa mkunjo, kisha akaukausha. Halafu alikata kipande cha karatasi ya daftari, akakibana na mlango na kukivuta polepole. Kikikaza, sawa. Kikitoka bila kubishana, pale ndipo joto linapoingilia. Alizunguka milango yote miwili namna hiyo, huku mimi nikihesabu fedha na kumtazama kama mtu anayecheza.

Kazi ile ilimchukua saa mbili na nusu. Saa mbili na nusu za Jumapili usiku, wakati vijana wanapotoka kwenye mpira wakiwa na kiu! Nilimwambia afanye mara moja kwa mwezi. Alisema, "Sawa, mjomba," na Jumapili iliyofuata akaanza saa tano usiku, nilipokwisha kulala.

Ulipokuja mgao wa umeme wa mwaka 2006, ukame uliposhusha maji ya bwawa la Mtera na nchi nzima ikakaa gizani kwa zamu, maduka mengi ya mtaa wetu yalimwaga maziwa. Sisi tulimwaga kidogo. Umeme ulipokatika alifunga milango kwa kamba ili wateja wasiifungue fungue, na akatundika blanketi mbele ya vioo. Uliporudi hakuwasha papo hapo. Alisubiri dakika tano hivi, msukumo wa gesi ndani ya mabomba utulie, ili kompresa isianze na mzigo mzito. Nilijisifu kwa majirani kwamba friji langu ni la Ulaya.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka 2008 hesabu zangu za maziwa zilianza kuachana. Niliingiza pakiti 60, fedha zikaja za 52. Siku nyingine pungufu ilikuwa 6, siku nyingine 11. Mtu aliyesahihisha madaftari miaka 30 hawezi kulala na hesabu isiyokubali. Niliangalia siku tatu bila kusema kitu. Siku ya nne nilimwita uani.

"Maziwa yanakwenda wapi?"

"Nayamwaga, mjomba. Yale ya mbele yanavimba."

"Unayamwaga bila kunionyesha?"

"Nilikwambia, mjomba. Nilikwambia jua la alasiri linapiga mlango wa kushoto. Nikaomba pazia."

Kweli aliomba pazia, na nilikataa. Nilimwambia hakuna mtu anayeweka kitu cha kuuzwa akakifunika. Lakini siku ile uani sikulikumbuka hilo kama ushahidi wa ukweli wake. Nililiona kama ujanja, kwamba ameniandalia jawabu mapema. Nilimuuliza kama pakiti zilizovimba zipo. Hazikuwapo, bila shaka. Nani anahifadhi maziwa yaliyooza? Nikasema niliyoyasema. Sitayaandika yote. Neno "mwizi" lilikuwamo.

Hakubishana. Kesho yake nilimpa nauli, akapanda basi na begi lile lile. Nilimpigia mama yake simu kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya, kaka," akakata.

Nilimweka kijana mwingine, mchangamfu, anayejua kuuza. Vioo viling'aa. Ramadhani ya mwaka huo ilianza Septemba, na kila mwenye friji Tanga anajua Ramadhani ni nini: saa kumi alasiri unaletewa makreti ya soda ya moto, na unatakiwa uyauze baridi baada ya magharibi. Tulijaza friji mpaka vitu vikagusa ukuta wa nyuma na kuziba matundu ya hewa ya feni ya ndani. Milango ilifunguliwa haikufungwa. Friji lilinguruma mwezi mzima, usiku na mchana.

Katika kumi la mwisho, binti wa jirani yangu, mtoto wa miaka mitatu, alishikwa na tumbo la kuhara na kutapika. Usiku ule walimkimbiza hospitali, akatundikiwa maji siku mbili. Asubuhi mama yake alikuwa amenunua kwangu pakiti mbili za maziwa. Nilipopata habari nilikwenda kufungua mlango wa kushoto. Pakiti za mstari wa mbele zilikuwa zimevimba kama mito ya kulalia. Nikaweka kipimajoto cha nyumbani katika glasi ya maji, nikaiacha humo usiku, maana hewa ya friji hubadilika kila mlango unapofunguliwa lakini maji husema kweli. Maziwa yaliyochemshwa kiwandani yanataka yasizidi nyuzi 5. Glasi yangu ilisema 14.

Nilimwaga pakiti 23 kwenye mtaro, saa saba ya usiku, peke yangu. Nilikuwa nikizitoboa kwa kisu, moja moja, na katika ya tisa au ya kumi ndipo nilipojua ninafanya kazi ya nani.

Mtoto alipona. Mama yake alipokuja kunishukuru kwa kwenda kumtazama alisema labda ni maji ya kisima. Nami nikasema labda. Ndivyo nilivyosema, labda.

Fundi wa kwanza niliyemwita safari hii, kijana wa simu mbili, alisema gesi imekwisha. Alijaza, nikalipa, na baada ya wiki mambo yakawa yale yale. Ningependa msomaji mwenye friji alishike hili: gesi ya friji haiishi kama mafuta ya taa. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na inaweza kuzunguka hivyo miaka 20. Ikipungua, pametoboka mahali; na anayejaza bila kutafuta tundu anajaza hewa ya Mungu, huku akikuchukulia fedha. Wala haitoki bure huko iendako. Ile ya zamani, R12, ilitoboa tabaka la ozoni, ndiyo maana mataifa yaliafikiana Montreal mwaka 1987 kuiondoa. Iliyoishika nafasi yake, R134a, ambayo ndiyo iliyokuwa katika friji langu, haiharibu ozoni, lakini hupasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko hewa ukaa ya uzito ule ule. Nayo ilikubaliwa kupunguzwa katika mkutano wa Kigali wa mwaka 2016. Friji nyingi mpya za vioo sasa zina propani, kidogo tu, na hiyo hushika moto, kwa hiyo si ya kuchomelewa na kila mwenye sanduku la spana. Langu, lakini, halikuwa limetoboka popote.

Nilimfuata mzee wa Chumbageni. Alifika na baiskeli yake, akapiga goti kama zamani, akafungua kichuja. Alikaa kimya muda. Aliingiza vidole akatoa kipande cha vumbi kipana kama kiganja, kizima, kama ngozi.

"Hili lilikuwa safi," alisema. "Nani alikuwa akilisafisha?"

"Mpwa wangu."

"Yuko wapi?"

Nilimwambia karudi kwao. Hakuuliza kwa nini. Aliomba karatasi, akazunguka milango, na katika mlango wa kushoto karatasi ilitoka kila mahali. Joto la jua lilikuwa limeikausha raba ikapinda. "Hapa mbele ya jua lazima maziwa ya mstari wa kwanza yaharibike hata friji likiwa zima," alisema. "Yule kijana alikuwa akifanyaje?" Nikamjibu kwamba alikuwa akiyamwaga.

Januari 2009 nilipanda basi kwenda Lushoto. Kutoka Mombo barabara inapanda kwa kona kona, korongo likiwa upande mmoja na ukuta wa mlima upande mwingine, na kwa mtu mwenye maneno ya kusema safari ile ni fupi mno. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu vizuri. Mpwa wangu hakuwapo. Mama yake alinipa chai na magimbi, akaniambia kijana yuko Moshi, katika chuo cha ufundi, anasomea majokofu na viyoyozi. Alitumia neno lile, majokofu.

Nikamweleza yote. Nilimweleza ya mtoto wa jirani pia, ambayo sikuwa nimemweleza mtu. Kisha nikatoa bahasha, nikasema nimekuja kulipa ada ya kijana.

"Ada imeshalipwa, kaka," alisema. "Tuliuza ng'ombe."

Bahasha ilibaki mezani kati yetu mpaka nilipoondoka, na nilipoondoka alinikimbilia nayo mpaka barabarani.

Nilirudi nikashona pazia, nikahamisha friji ukuta wa pili ambako jua halifiki, nikaiacha nafasi ya viganja viwili nyuma yake lipumue. Nikajifunza mswaki. Magoti ya mtu wa miaka 65 si ya kazi ile, lakini nilijifunza, kila Jumapili usiku, na duka nikalifunga mapema bila kumwomba mtu radhi. Pakiti zilizovimba niliziandika katika daftari kabla ya kuzimwaga. Baada ya pazia zikawa moja au mbili kwa wiki, kisha hazikuwapo.

Kwa jirani yangu nilichelewa zaidi. Ilipita miaka miwili na ushei. Binti alikuwa amekwisha anza chekechea, anapita dukani kwangu na begi lake la mgongoni. Siku moja nilimwita mama yake nikamwambia kwamba maziwa ya siku ile yalikuwa yamevimba, niliyaona mwenyewe usiku ule, na nilipotakiwa kusema sikusema.

"Najua, mwalimu," alisema. "Kwani hujaona? Tangu siku ile kwako nanunua soda tu."

Sikuwa nimeona. Mimi niliyehesabu pakiti 8 zilizopungua katika 60.

Mpwa wangu alikuja sikukuu ya Idi ya mwaka 2012. Alikuwa akifanya kazi Arusha, mahotelini, vyumba vizima vya baridi. Alikuwa amenenepa kidogo. Alibisha hodi mlango wa duka, si wa nyumba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Karibu ndani."

Maneno niliyoyapanga njiani kwenda Lushoto yote yalikuwapo, lakini nilipoanza aliinua mkono kidogo, kwa adabu, akasema mama alimweleza, akasema pia kwamba hata yeye angeuliza. Kisha akageuka akalitazama friji kule lilikohamia, akalitazama pazia, ingawa kwenye ukuta ule halikuwa na kazi tena. Alipiga goti, akapitisha kidole kwenye kichuja, akakitazama kidole.

"Mjomba, una karatasi?"

Nikachana ukurasa katika daftari la pakiti. Akazunguka nayo milango, polepole kama zamani, ikakaza juu, ikakaza ubavuni, ikakaza. Chini kushoto, kwenye kona, ilitoka.

"Hii haijafa," alisema. "Imelala tu. Maji ya moto yapo?"

Nikaenda jikoni kuchukua chupa ya chai.